Kulihakiki Jina la Mtoto

Darasani umefunzwa kuhakiki shairi, hadithi na tamthilia. Waulizwa mtungaji amesema nini, amesema kwa maneno gani, na kama alichosema ni kweli. Leo nataka tuyapeleke maswali hayo matatu kwenye utungo mfupi kuliko tungo zote, utungo ambao kila nyumba huutunga, hata nyumba isiyo na kitabu wala kalamu. Utungo huo ni jina la mtoto. Aghalabu ni neno moja tu. Lakini neno hilo litaitwa mlangoni, litaandikwa katika daftari la shule, litasomwa siku ya harusi na siku ya maziko. Hapana shairi linalorudiwa mara nyingi kama hilo, wala utungo unaotungwa kwa haraka kama huo.

Katika sehemu zetu za Migori na Homa Bay, habari ya kuchagua jina imekuwa ugomvi wa nyumbani. Upande mmoja wasimama wazee, nao husema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Upande wa pili wasimama wazazi vijana, wenye simu mkononi na orodha ya majina kutoka pembe zote za dunia. Hao wataka mtoto wao awe na jina ambalo hapana mwingine kijijini aliye nalo. Wazee huwajibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Basi mithali hupigana na simu, na mtoto hulala katikati hana jina. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Si mzee, wala si kijana sana, na ugomvi huo umepata kuingia nyumbani kwangu mwenyewe. Nitakueleza mwishoni jinsi ulivyoingia. Kwanza tutafute kipimo, maana mhakiki asiye na kipimo husifu anachokipenda na kulaumu asichokizoea, kisha akadhani amehakiki.

Kipimo cha kwanza twaweza kukitafuta vitabuni. Wewe wajua maana ya majazi: mwandishi humpa mhusika jina linalolingana na tabia yake. Shaaban Robert alikuwa fundi wa jambo hilo. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, mtu mwema huitwa Adili, na ndugu zake wawili wanaomwonea kijicho huitwa Hasidi na Mwivu. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mshtaki ni Majivuno na mshtakiwa ni Karama. Msomaji akisikia majina hayo hujua mapema ni nani wa kumpenda na ni nani wa kumwogopa. Wako wanaosema kwamba ufundi huo wamfunga mhusika: hata Hasidi akitubu, jina lake laendelea kumshtaki. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini katika hadithi ya mafunzo kosa hilo lasameheka, kwa sababu mwandishi aujua mwisho wa mhusika wake kabla ya kumpa jina.

Mzazi hana elimu hiyo. Yeye humwita mtoto kabla ya kumjua. Mtoto wa siku tatu hana tabia tunayoweza kuitaja, wala kazi, wala rafiki, wala adui. Hapo ndipo mzazi anapotengana na mwandishi, na hapo ndipo nilipokipata kipimo changu. Jina jema la mtoto, kwa maoni yangu, ni lile linalosema jambo ambalo mwenye kulitoa alilijua kwa kweli siku alipolitoa, na mengine yote likamwachia mwenye jina. Jina lenye kasoro ni lile lisilosema kitu, au linalosema jambo ambalo hapana awezaye kulijua bado.

Tuyatazame sasa majina ya Wajaluo kwa kipimo hicho. Mtoto akizaliwa asubuhi huitwa Okinyi akiwa mvulana, na Akinyi akiwa msichana. Jua likiwa limepanda lakini halijafika utosini, ni Onyango au Anyango; likisimama utosini, ni Ochieng' au Achieng'; likielekea kuchwa, ni Odhiambo au Adhiambo; usiku ukiisha kuingia, ni Otieno au Atieno. Herufi ya kwanza yaonyesha kama ni mwanamume au mwanamke, na shina la neno laonyesha saa. Pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, yaani aliyefanya haraka. Wa pili ni Odongo au Adongo, aliyebaki nyuma. Na mtoto anayewafuata pacha ni Okello au Akello. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth au Akoth. Aliyezaliwa njiani ni Oyoo au Ayoo. Wakati wa palizi ni Odoyo au Adoyo. Wakati wa mavuno ni Okeyo au Akeyo. Wakati wa njaa ni Okech au Akech. Na nzige walipofunika mashamba alizaliwa Obonyo au Abonyo.

Tazama kwanza kile ambacho majina hayo hayasemi. Hapana hata moja linaloahidi kwamba mtoto atakuwa tajiri, au mzuri wa sura, au mwenye bahati. Yote yasema jambo ambalo mkunga na jirani waliliona kwa macho yao. Kama yangalipelekwa barazani, yangalipata shahidi. Tazama pili kwamba hayakimbii mabaya. Mzee aitwaye Okech amebeba katika jina lake njaa ambayo huenda hapana karani aliyeiandika katika kitabu. Njaa ile ilikwisha, mashamba yakatoa tena mtama na wimbi, walioiona wakafa. Lakini kila aitwapo Okech, mtu mwenye masikio hukumbuka kwamba palikuwa na mwaka wa namna hiyo. Kwa hiyo jina moja limefanya kazi ya salamu na kazi ya historia pamoja, bila ya kuongeza neno. Mtunzi wa mashairi angeona fahari kuweza hivyo.

Tazama tatu, na hili ndilo wazee wetu hulisahau wanapokasirika. Siku mtu wa kwanza alipoitwa Obonyo, jina hilo lilikuwa jipya. Nzige walipita, mama akajifungua, na nyumba ikatunga neno kutokana na yaliyopita mbele ya mlango. Basi mila haikuwa orodha ya majina iliyofungwa kamba. Ilikuwa njia ya kutunga majina. Anayeshika orodha na kuiacha njia ameshika maganda.

Kuna mlango wa pili ambao majina hupitia, nao ni wa wafu. Wajaluo waliamini kwamba roho ya jamaa aliyekufa, iitwayo juogi, huweza kutaka jina lake lirudi kwa mtoto. Huja katika ndoto ya mzazi au ya bibi, au mtoto hulia bila kukoma, na majina ya waliotangulia hutajwa moja moja mpaka lifikiwe lile litakalomnyamazisha. Ndiyo sababu waweza kukutana na Otieno aliyezaliwa adhuhuri. Jina lake halisemi uongo. Latoa ushahidi juu ya babu yake. Wala wazee hawakurudisha jina la kila mfu. Jina la mwizi au la mchawi liliachwa lilale kaburini. Walikuwa wahakiki, nao walijua kuchagua.

Lakini haki yataka tuseme pia kasoro za upande huu. Niliwahi kuwapa wanachuo wangu zoezi la kuandika insha juu ya majina yao. Wengine waliandika kurasa tano, wakalia na kucheka katika insha moja. Mmoja aliandika mistari mitatu: jina lake ni la bibi mzaa baba, naye hajui bibi huyo aliishije, alipenda nini, wala alikufa kwa sababu gani, kwa kuwa hapana aliyemwambia. Jina lilikuwa la kale na la heshima, lakini yeye alilibeba kama sanduku lililofungwa na ufunguo ukapotea. Mila iliyotolewa bila ya maelezo haina tofauti kubwa na jina lililookotwa barabarani.

Tena nyakati zenyewe zimebadilika. Mama akijifungua kwa upasuaji, daktari ndiye aliyepanga saa. Je, mtoto huyo ni Anyango kwa sababu jua lilikuwa limepanda, au kwa sababu daktari alikuwa na nafasi saa nne asubuhi? Nilimwuliza bibi mmoja wa Rongo swali hilo kwa mzaha. Akacheka, akasema, "Mwalimu, mtoto alilia saa ngapi? Basi saa hiyo ndiyo yake." Naona bibi yule alikuwa na kipimo kizuri kuliko mzaha wangu.

Sasa twende upande wa majina ya ajabu, tuyapime bila ya chuki. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba ajabu haina maisha marefu. Katika madarasa ya magharibi ya Kenya utakuta mvulana aitwaye Wycliffe, na hapana atakayegeuka kumtazama. Hilo ni jina la ukoo la Mwingereza, John Wycliffe, aliyekufa mwaka 1384, ambaye jina lake limefungamana na tafsiri ya Biblia kwa Kiingereza. Mzee wa kwanza aliyelisikia likiitwa kando ya Ziwa hapana shaka alistaajabu. Leo ni jina la nyumbani.

Hali kadhalika jina la Kennedy. Mwaka 1959 ndege iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, na mtu aliyeisukuma kazi hiyo kwa nguvu zake zote alikuwa Tom Mboya, mwana wa kisiwa cha Rusinga kilicho leo katika kaunti ya Homa Bay. Mwaka 1960 Mboya alionana na John Kennedy, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ili wanafunzi zaidi wasafiri. Mzazi aliyemwita mwanawe Kennedy kwa ajili ya ndege zile alifanya vile alivyofanya mzazi wa Obonyo. Jambo kubwa lilipita juu ya nchi, naye akaliandika katika mtoto. Jina lilikuwa geni. Njia ilikuwa ile ile ya wazee.

Tena kuna jina la Obama. Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani mwezi wa Novemba mwaka 2008, serikali ya Kenya ilitangaza siku ya mapumziko, na katika hospitali za sehemu za Ziwa watoto wengi walipewa majina ya Barack na Michelle. Wako waliowacheka wazazi hao. Lakini fikiri kidogo. Babu yake, Hussein Onyango Obama, alikuwa mtu wa Kanyadhiang', karibu na Kendu Bay, kabla ya kuhamia Kogelo. Onyango ni jina la jua la asubuhi, nasi tumekwisha kulieleza. Barack, jina alilorithi kwa baba yake, latokana na neno la Kiarabu ambalo sisi katika Kiswahili twaliita baraka. Jina lililoonekana la ajabu huko Chicago lilikuwa la kawaida huku kwetu. Nalo liliporudi kwa njia ya redio na televisheni, watu walilistaajabia kana kwamba hawakupata kuliona. Basi mtoto aliyeitwa Barack mwaka 2008 ana habari ya kusimulia, na habari hiyo ni ya kweli.

Lakini mwaka 2015, rais huyo alipoizuru Kenya, magazeti yaliandika habari za mtoto aliyepewa jina la ndege iliyomleta. Hapa kipimo chetu chaanza kusita. Mzazi aweza kujitetea kwamba ndege nayo ilipita juu ya nchi kama nzige. Ni kweli. Ila jina la mtoto halitungwi kwa siku moja ya furaha. Litaitwa miaka sabini. Jambo ambalo kijiji kizima kiliteseka nalo au kilifurahi nalo msimu mzima lina uzito wa kubebwa miaka sabini. Jambo ambalo lilitazamwa alasiri moja huenda halina. Sisemi kwamba mzazi huyo alikosa. Nasema kwamba amempa mtoto mzigo wa kueleza, na hajui kama mtoto atapenda kueleza.

Kisha kuna namna mbili za majina mapya ambazo sioni njia ya kuzitetea. Namna ya kwanza ni jina lililochaguliwa kwa sauti yake tu, au likapindwa tahajia yake ili lisifanane na la mwingine. Ukimwuliza mzazi lasema nini, hujibu, "Ni zuri." Uzuri wa sauti ni sifa katika utungo, lakini utungo wenye sauti bila ya neno ni mluzi. Na tahajia iliyopindwa humwadhibu mtoto baadaye. Cheti cha kuzaliwa huandikwa hivi, cheti cha mtihani hivi, na kitambulisho hivi, na kijana hutembea kutoka ofisi moja hadi nyingine akithibitisha kwamba yeye ni yeye. Hata majina yetu ya asili hayasalimiki: mimi nimeona Ochieng' akipoteza ritifaa yake mbele ya karani, akawa mtu mwingine. Ikiwa Ochieng', aliyejulikana kwa vizazi, aweza kupata mkasa huo, jina lililotungwa jana litakuwaje?

Namna ya pili ni jina la utabiri, linalomtangaza mtoto kuwa nyota, au malkia, au bingwa, kabla hajajua kukaa. Hapa mzazi amejifanya Shaaban Robert bila ya kuwa na mwisho wa hadithi. Mtoto akifaulu, watu husema ni jina. Akishindwa, jina humcheka.

Msomaji mwingine ataniuliza: je, majina ya ubatizo? Katika Wimbo wa Lawino, uliotungwa na Okot p'Bitek wa Uganda na kutoka kwa Kiingereza mwaka 1966, Lawino alalamika kwamba mumewe Ocol ayakataa majina ya Kiacholi na kuyataka ya ubatizo, ambayo yeye Lawino haoni maana yake. Waacholi ni jamaa wa lugha na Wajaluo. Nao wana Okello wao. Wasomaji wengi humwona Lawino kuwa mtetezi wa kila cha kale, lakini naona lalamiko lake ni la ndani zaidi. Kosa la Ocol si kuchukua jina jipya. Kosa lake ni kudharau lile alilokuwa nalo bila ya kulielewa, na kulipokea lingine bila ya kulielewa vile vile.

Jaramogi Oginga Odinga, ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Winam, aliyaweka kando majina yake ya ubatizo, Obadiah Adonijah, akataka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Hiyo ni hukumu ya mtu aliyepima. Lakini tazama mwenzake wa Rusinga: Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 mbali na kisiwa chake, katika shamba la katani karibu na Thika ambako baba yake alikuwa na kazi. Jina lake lina kanisa, lina jioni, na lina ukoo. Hapana neno linalomfukuza mwenziwe. Watu hawa wawili walichagua mbalimbali, na wote wawili waliweza kueleza majina yao. Hilo ndilo ninalolitaka.

Huenda waona kwamba nimewanyima wazazi furaha ya kutamani makuu kwa ajili ya watoto wao. Sivyo. Mila yenyewe iliyawekea matamanio mahali pake, ila si mwanzoni mwa maisha. Katika sehemu za Kanyamwa, huko Ndhiwa, aliishi mtu mashuhuri kwa uganga, Gor wa Ogada. Watu walimwita Gor Mahia, na mahia ni miujiza. Neno hilo la pili hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa matendo ambayo hata leo husimuliwa, na mwaka 1968 chama cha mpira kikalichukua jina lake lote. Vivyo hivyo katika desturi ya pakruok, nyatiti ikipigwa, mtu mzima husimamisha muziki akajipa majina ya sifa mbele ya watu, na watu humkubali au humcheka. Kwa hiyo Wajaluo walikuwa na majina ya ajabu tangu zamani. Waliyaacha yangoje mpaka mtu awe na cha kuonyesha.

Sasa nitimize ahadi yangu. Mtoto wetu wa kwanza hakuishi mwezi. Miaka miwili baadaye mke wangu alijifungua tena, mtoto wa kike, alfajiri, mvua ya masika ikinyesha. Nilikuwa na jina tayari. Nililipata katika orodha ya intaneti, jina zuri la kigeni, na hata leo sijui ni la lugha gani. Siku ya pili mama yangu alifika kutoka Ndhiwa, akampakata mtoto, akasema, "Huyu ni Awiti."

Mke wangu ni mtu wa Kabondo, na mama humwita Nyar Kabondo, yaani binti wa Kabondo, kama ilivyo desturi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Mama, nisamehe. Neno hilo maana yake ni aliyetupwa. Mtoto huyu nimemngoja kwa machozi. Sitamwita kitu kilichotupwa."

"Nyar Kabondo," mama akajibu, "hapana aliyemtupa. Zamani mwanamke aliyefiwa na watoto alimlaza kichanga kando ya njia, na jirani akamwokota, ili kifo kidhani kwamba mtoto hana mwenyewe. Ulikuwa ujanja wa kumpenda. Na anayeitwa Awiti, watu hujua kwamba alitanguliwa."

Mke wangu alilia, nami nikatoka nje nikasimama katika mvua. Neno lile, alitanguliwa, ndilo nililokuwa nikilikimbia. Nilikuwa nimelitafuta jina lisilo na habari yoyote ili mtu asiniulize habari yoyote. Kwa miaka mingi nimewauliza wanachuo mtungaji amesema nini, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetunga neno la kuficha.

Hatukupatana siku ile. Baada ya wiki moja mke wangu ndiye aliyetoa hukumu, na nadhani alihakiki vizuri kunishinda. Alisema kwamba mtoto ataandikwa Akoth katika cheti, kwa kuwa mvua ile sote tuliisikia. Awiti litakuwa jina la nyumbani, lakini asiitwe hivyo mpaka yeye mama yake amweleze kwa kinywa chake mwenyewe maana yake na habari ya aliyemtangulia. Mama yangu hakuridhika sana. Hulitaja jina hilo kwa sauti ya chini akimbembeleza mtoto, na mke wangu hujifanya hakusikia. Akoth ana miaka mitatu sasa. Siku ya kumweleza haijafika, nami naiogopa kidogo.

Wewe, msomaji, bado hujafika wakati wa kumpa mtoto jina. Lakini jina unalo, na kazi yaweza kuanza leo. Ukirudi nyumbani, iwe Muhuru au Mbita, Awendo au Oyugis, mwulize aliyekupa jina alijua nini siku ile. Ukiwa Mkuria na waitwa Chacha, Mwita, Robi au Gati, una jina linaloitwa pande zote mbili za mpaka, Migori na Tarime. Uliza limefikaje kwako, na ni nani alilibeba kabla yako. Ukiwa na jina ambalo darasa zima lalicheka, uliza vile vile, wala usione haya. Huenda ukaambiwa habari usiyoitarajia. Liandike jibu, kwa maana wanaolijua hawatakuwapo siku zote. Na ukiambiwa kwamba jina lako lilitolewa bila ya sababu, usilitupe. Lichukue uende nalo, utende jambo ambalo wengine wataweza kulisimulia walitajapo.